Neno Lililorudi Pinetown

Mmeniuliza wengi, kila mmoja kwa wakati wake: kwenye foleni ya teksi, baada ya ibada, hata kule yadi ya magari nikiwa na bomba la maji mkononi na gari linachuruzika sabuni. "Dodo, Japani iko namna gani? Treni inaruka kweli?" Nimekuwa nikicheka na kusema ni nchi safi. Lakini najua si treni mnayoiulizia. Mnataka kujua nilimwambia nini Kisimba na yeye alinijibu nini. Nimeona niandike mara moja, toka mwanzo, ili nisilazimike kulisimulia tena kwa mdomo.

Kwa wale mliofika Durban juzijuzi: Kisimba ni yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa. Hatukuzaliwa tumbo moja. Tumetoka mtaa mmoja wa Kalemie, na barabara yote kutoka kule mpaka hapa tuliikanyaga pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nikiwa nimeshika mkoba wake. Mke wake ni Riziki, yule dada wa saluni ya Pinetown. Walipooana, mshenga nilikuwa mimi. Nilikuwa kijana mno kwa kazi hiyo, lakini ugenini mtu hana wajomba wa kuchagua. Nilivaa koti la kuazima, nikaenda Queensburgh kwa marehemu baba yake Riziki, nikasema neno nililotumwa, nikarudi na jibu. Sikuongeza wala kupunguza. Watu walinisifu.

Miaka michache baadaye yadi tuliyokuwa tukifanyia kazi karibu na bandari ilimtuma Kisimba Japani akachague magari, kwa miezi mitatu. Yadi ile ilifungwa yeye akiwa kule, nami nikahamia nyingine. Miezi mitatu imekuwa miaka kumi na moja. Pesa alituma, hilo hakuna anayelikana. Ila kila Riziki alipomuuliza kwenye simu atarudi lini, jibu lilikuwa lile lile: mwaka ujao.

Ndipo Papa Ilunga, yule shemasi mjane mwenye gereji, akamwambia Riziki wazi kwamba anataka kumwoa. Riziki aliniita saluni. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akasimama nyuma yangu, akaongea nami kupitia kioo.

"Dodo, nani alikuja kwa baba?"

"Ni mimi."

"Donc utaenda wewe. Umuulize yaya yako: anarudi, ao ananiachilia? Jambo moja tu. Nataka neno lake kutoka mdomo wake, unipatie kwa mdomo wako. Miye sikuolewa na simu."

Nilimwambia nitaenda. Na niseme ukweli, moyo wangu ulifurahi kabla haujaogopa. Mnanijua. Nikikaa mahali miaka mitatu bila kusafiri, naanza kuosha magari huku nikiangalia meli.

Durban hadi Tokyo

Riziki alinifungia vitu vya kumpelekea mumewe. Biltong kidogo, ile nyama iliyokaushwa, kwa sababu Kisimba aliipenda sana alipokuwa hapa. Na kilo mbili za ndagala, zile dagaa za ziwa letu zinazofika Durban kwa malori, alizochambua mwenyewe moja moja na kutoa mchanga, akazifunga kwa karatasi tatu na mfuko juu yake. Hata hivyo zilinuka. Johannesburg ndege ilichelewa saa tano, na watu wa benchi langu walihama mmoja mmoja, kwa adabu, mpaka nikabaki na nafasi ya kulala.

Saa zile tano sikuumia. Mtu wa Kalemie amezoea kungoja. Kule kwetu treni ya kwenda Kabalo ilikuwa inaondoka ikitaka kuondoka. Tulikuwa tunakwenda stesheni na vyungu na mikeka, tunapika, tunalala, mabehewa yamesimama tu. Wanaosafiri wako ndani, wanaowasindikiza wako nje chini ya madirisha, na mazungumzo yanaendelea siku nzima. Mambo makubwa ya familia yetu yalisemwa pale dirishani. Baba alimwambia dada yangu pale kwamba amemsamehe. Mtu alikaa na jambo lake wiki nzima akijua kwamba dirisha lipo, na treni haina haraka.

Nimeandika haya kwa sababu yananihusu mbele.

Uwanja wa ndege wa Tokyo, mkaguzi kijana alifungua begi langu. Biltong aliichukua, akaniomba radhi mara nne, nikaona haya mimi niliyenyang'anywa. Halafu akakuta ndagala. Alinusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Nikasema moyoni, basi, zimekwenda. Wale wawili wakatazamana, wakatabasamu kama watu waliokutana na shangazi yao sokoni, wakazifunga upya vizuri kuliko zilivyofungwa Pinetown, wakanirudishia kwa mikono miwili.

Tokyo

Treni ya kutoka uwanja wa ndege ilichelewa dakika saba. Tuliposhuka, wafanyakazi wa stesheni walikuwa wamepanga mstari wakigawa vikaratasi, na kila abiria anapokea na kwenda zake. Nikapokea cha kwangu. Nilifikiri ni matangazo ya biashara. Msichana mmoja mwenye begi la shule alinieleza kwa Kiingereza cha polepole: ni ushahidi, ili ukimwonyesha bosi ajue kwamba kosa si lako, ni la treni.

Nilicheka peke yangu mpaka watu wakaangalia chini. Dakika saba. Kikaratasi hicho bado ninacho. Niliwaonyesha wenzangu wa yadi, na mmoja akasema, "Eish, hapa wangetupatia kitabu kizima."

Lakini zile dakika saba zilinikosesha treni ya kwanza ya kwenda Nagoya, na kupata nyingine nilizunguka stesheni karibu saa mbili. Stesheni ile ni mji chini ya ardhi. Nilimuuliza njia mzee mmoja aliyevaa suti. Hakujua Kiingereza, hakusema neno, akanishika kiwiko akanipeleka. Tulitembea robo saa nzima, tukapanda ngazi na kushuka, hadi kwenye mstari uliochorwa sakafuni mahali mlango wa behewa langu ungesimama. Akainama, akageuka, akarudi alikotoka. Sikujua jina lake, yeye hakuuliza langu wala ninakwenda kwa nani. Wakati ule niliona ni wema mtupu. Sikujua kwamba ndiyo tabia ya nchi nzima: watakufikisha uendako, na hawatakuuliza unakwenda kufanya nini.

Tokyo hadi Nagoya

Nilipoingia ndani ya treni nilisalimu. Kwetu huwezi kuingia mahali pana watu ukapita kimya kama mwizi. Nikasema "Good morning" kwa sauti ya kutosha behewa zima. Vichwa viliinuka, vikaniangalia, vikarudi kwenye simu. Mtu mmoja tu karibu na dirisha alitikisa kichwa kidogo, nami nikamshukuru kwa jicho.

Nilikuwa nimenunua chakula stesheni: kisanduku chenye wali, samaki kipande, yai, na vitu vya rangi nisivyovijua. Wali ulikuwa wa baridi. Nilikuwa nimejaribu kumweleza muuzaji anipashie moto. Nikapuliza mikono, nikaonyesha moshi unapanda. Akaelewa, akafurahi, akanipa taulo ndogo ya moto ya kufutia mikono. Basi nikala wali wa baridi nikiwa na mikono ya moto, na niwaambieni, ulikuwa mtamu.

Hiyo treni ndiyo mnayosema inaruka. Hairuki. Inakwenda tu bila kutetemeka, mpaka nyumba zilizo karibu huzioni, unaona za mbali peke yake. Nilijaribu kumwona mtu mmoja shambani, nimtazame anafanya nini, kama tulivyokuwa tunafanya Kalemie tukiwapungia watu mikono. Nilipogeuza kichwa, shamba lilikuwa limekwisha.

Nagoya hadi mji wa maji moto

Treni ya pili ilikuwa ya milimani, ya mwendo wa wastani, yenye madirisha makubwa ya kioo kizima. Ilipita juu ya mto wa kijani, na misitu ilikuwa imeanza kuwa myekundu. Karibu yangu alikaa bibi mmoja mdogo mwenye kofia ya sufu. Alimenya chungwa dogo, akanipa nusu. Mimi nikampa raski zangu za Durban, vile vipande vya mkate mkavu, akazigonga mezani kwanza kuhakikisha ni chakula.

Tulikuwa hatuna lugha hata moja kati yetu. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili. Mwanzoni ilikuwa mzaha, kisha haikuwa mzaha. Nilimweleza habari za Riziki na ile saluni, za Papa Ilunga na gereji yake, za koti la kuazima. Nikajinyoosha kama mshenga anavyojinyoosha, nikasema: "Yaya Kisimba, nimetumwa na mke wako. Anauliza: unarudi, ao unamwachilia? Anataka neno moja." Nililisema vizuri.  Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa mara tatu, akaweka mkono wake juu ya wangu kidogo, akaendelea na chungwa.

Katika nchi nzima ya Japani, aliyesikia lile neno ni yule bibi peke yake.

Hoteli

Nilijua Kisimba anafanya kazi hotelini. Hakuwa amesema hoteli ya namna gani, wala kazi gani. Nilimkuta nje ya stesheni, mbele ya gari jeupe la wageni, amevaa sare nyeusi, glavu nyeupe, kofia. Nywele za pembeni zimekuwa kijivu. Nilifungua mikono nimkumbatie. Akainama, sawasawa kama alivyoinamia wale wazungu wawili waliokuwa mbele yangu. Kisha akashika begi langu.

"Yaya, acha. Nitabeba miye."

"Lete."

"Wewe ni mkubwa wangu, hauwezi kunibebea mzigo. Watu wataona."

"Watu gani? Hapa miye si yaya, Dodo. Kwa hii masaa miye ni wa mizigo. Tembea mbele, tafadhali, bosi anaangalia."

Nikatembea mbele. Nilisikia viatu vyake nyuma yangu, na magurudumu ya begi. Mtu niliyemfuata kutoka Kalemie mpaka Durban alikuwa ananifuata mimi na mkoba wangu, nami sikujua nifanye nini na mikono.

Kwenye gari wazungu walikaa nyuma, mimi nikakaa mbele. Aliongea chini chini akiangalia barabara.

"Wazima kule?"

"Wazima wote," nikasema.

Mnajua tunavyojibu. Hata kama kuna msiba nyumbani, kwanza unasema wazima, halafu mwenzio anauliza tena, ndipo unasema "ila." Nilikuwa na "ila" yangu mdomoni. Hakuuliza tena. Alisema: "Hoteli inawapa wenye kumaliza miaka kumi siku tatu za kulala kama wageni, watu wawili. Nilikuwa nimeiweka. Sasa wewe umekuja. Bien."

Hoteli yenyewe siwezi kuieleza vizuri. Hakuna dhahabu, kama mlivyokuwa mnafikiri. Ni mbao, mawe, maji yanayotembea mahali usipopaona, na kimya. Unavua viatu mlangoni na huvioni tena mpaka unapoondoka, vikiwa vimesafishwa. Chumba changu kilikuwa kikubwa kuliko kanisa letu, na ndani yake meza moja ya chini. Mama mmoja mwenye kimono, wa umri wa dada yangu mkubwa, aliniletea chai kwa magoti. Vikombe viwili. Magauni mawili ya kulalia yamekunjwa, moja kubwa, moja dogo. Juu ya meza kadi ya kuwakaribisha wageni, imeandikwa kwa Kiingereza: Bwana na Bibi Kisimba.

Yule mama alitoa simu inayotafsiri, akasema maneno, simu ikaniuliza mke wangu atafika saa ngapi.

Nikacheka. Nikasema hakuna mke, mimi ni mdogo wake Kisimba. Nikafikiri wamekosea kama wanavyokosea mahoteli. Akaniomba radhi, akainama mpaka paji la uso likafika kwenye mkeka. Kikombe cha pili hakukiondoa.

Siku tatu

Sasa nifike pale ambapo mnanilaumu.

Kwetu mtu aliyetumwa hajitangulizi. Anapokelewa, anakula, analala, kisha mwenye nyumba anamkalia mbele na kumwambia: haya, tuambie, umekuja na neno gani? Hapo ndipo unafungua mdomo. Ukisema kabla ya kuulizwa, umelitupa neno lako chini. Hivyo ndivyo nilivyofanya Queensburgh, na ndivyo nilivyongoja kule. Nilijua Kisimba ananijua mimi ni nani kwake. Mshenga wake havuki bahari kwa ajili ya kuoga maji moto.

Siku ya kwanza alikuwa kazini mpaka jioni. Nilijaribu kuoga yale maji. Nilikuta wanaume sita uchi kama siku waliyozaliwa, wamekaa kimya kwenye mvuke. Mimi nimelelewa na pasta wa kanisa. Nilirudi chumbani nikaoga peke yangu.

Siku ya pili alipata mapumziko. Alikuja na shati la kawaida, nikamwona yaya wangu tena. Nikampa ndagala. Alizishika hata kabla ya kufungua karatasi akajua. Kwa kuwa hakuruhusiwa kula kwenye ukumbi wa wageni, alinipitisha mlango wa nyuma mpaka jiko la wafanyakazi. Mpishi mkuu, mzee mwenye kitambaa kichwani, alinusa, akacheka, akaenda kabatini akarudi na kopo lake: samaki wadogo waliokaushwa, ndugu kabisa wa ndagala, labda wamenyooka kidogo zaidi. Akazipanga mezani mbili mbili, ya kwetu na ya kwao, akatuonyesha kama mtu anayeonyesha picha za watoto.

Kisimba alizikaanga na kitunguu. Ugali hakuna, tukala kwa wali. Alikula polepole. Halafu akauliza, bila kuinua macho:

"Nani alizitosha mchanga?"

"Riziki."

"Anazichambua muzuri. Siku zote anazichambua muzuri."

Nikaweka kijiko chini. Nikajinyoosha. Nilikuwa tayari. Mpishi alikuwa ametoka, jiko lilikuwa letu wawili. Kisimba akaniangalia, kweli akaniangalia, nikaona kinywa kinataka kufunguka. Nikangoja. Naye akangoja.  Maji kwenye birika yalikuwa yameanza kutoa sauti.

"Hizi van ndogo nyeupe," akasema, "kule Durban zinauzika bado?"

"Zinauzika sana."

"Za gia za mkono ao otomatiki?"

Basi tukaongea magari. Alasiri nzima tuliongea magari. Alinipeleka kuona duka la vipuri. Kesho yake, kati ya zamu na zamu, alikuja bustanini tukaongea kutu za chini ya gari na namna wanavyoificha kwa rangi. Tulicheka. Niliona raha, nisiwadanganye. Ilikuwa kama zamani, na kila nilipoona raha nilijiambia, usiharibu, atauliza mwenyewe.

Nimewaza sana baadaye kwa nini hakuuliza. Pengine aliogopa. Pengine miaka kumi na moja katika nchi ambayo mtu hamuulizi mgeni shughuli yake inamfunga mtu mdomo. Na lipo lingine nililochelewa kuliona: mwenye nyumba ndiye anayeuliza, na Kisimba pale hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mtu wa mizigo. Mwenye nyumba kwa siku zile tatu nilikuwa mimi, nimekaa juu ya mkeka wake, mbele ya vikombe viwili. Labda ni yeye aliyekuwa anangoja mshenga aseme.

Usiku wa mwisho sikuhangaika. Nilijiambia bado kuna kusindikizwa. Nitamwambia stesheni, dirishani.

Kuondoka

Asubuhi yule mama wa kimono alinisindikiza mpaka mlangoni. Alisema neno kwenye simu yake, nayo ikatafsiri: safari ijayo, watu wawili. Nikamshukuru.

Gari lilijaa wageni wengine. Kisimba alikuwa na glavu zake. Stesheni aliwashushia wote mizigo, akainamia mmoja mmoja, na mimi nikakaa wa mwisho makusudi. Jukwaani tulikuwa na dakika kumi. Lakini bibi mmoja mgeni alipoteza tiketi yake, Kisimba akaenda kuitafuta naye, na aliporudi treni ilikuwa inaonekana kwenye kona. Akanipa kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa.

"Hii ya nyumbani," akasema.

"Yaya, iko neno nilitumwa."

"Panda kwanza. Hii haingoje mutu. Panda, utaniambia."

Naye alisema hivyo kwa sababu, nadhani, kwa nukta ile moja na yeye alikuwa Kalemie. Nikapanda. Nikakimbilia kiti changu upande wake. Nikaweka mkono kwenye dirisha nilishushe, nikatafuta kishikio kulia, kushoto, chini. Ni kioo kizima, hakifunguki. Nikarudi mlangoni mbio. Mlango ulifungwa mbele ya pua yangu, taratibu, bila kelele.

Niliona midomo yake inaniuliza kitu. Nililisema neno lote kwa sauti, kwenye kioo, watu wa behewa wakanitazama. Yeye aliweka mkono nyuma ya sikio. Treni ikaanza kutembea. Hapo yaya wangu akavua kofia, akarudi hatua moja nyuma ya ule mstari wa njano, akainama. Aliinama mpaka nikaacha kumwona.

Nikiwa njiani ndipo ile kadi na vile vikombe vikanijia pamoja. Alikuwa ameiweka, alisema. Siku tatu, watu wawili. Gauni dogo lile halikuwa la mtu yeyote mwingine ila Riziki.

Tokyo nilimpigia. Alisema, "Niko naendesha wageni, nitakupigia." Alipopiga nilikuwa juu ya bahari. Nilipotua Johannesburg nilikuta ujumbe: "Umefika? Asante kwa ndagala." Nikasema sitajibu mpaka nimwone Riziki, kwa kuwa neno lilikuwa lake.

Pinetown

Riziki hakuniuliza mlangoni. Alifunga saluni mapema, akanipikia fufu na sombe ya majani ya muhogo, akaninawisha mikono. Alinishibisha. Aliondoa sahani, akafuta meza, akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Haya, Dodo," akasema. "Umekuja na neno gani?"

Hivyo hasa. Lile swali nililolingojea siku tatu upande wa pili wa dunia.

"Sina," nikasema.

"Amekataa kusema?"

"Sikumuuliza. Nilingoja aniulize."

 Nje teksi zilikuwa zinapiga honi kuita watu wa Durban.

"Siku tatu. Muliongea nini?"

"Magari."

"Magari," akasema.

Nikampa kifurushi. Alikifungua kitambaa bila haraka. Ndani mlikuwa na kitana cha mbao, cha manjano, kimepakwa mafuta, kazi nzuri mno. Meno yake ni membamba kama nyuzi na yamebanana. Riziki alikigeuza. Akakipeleka kichwani, kwenye nywele zake alizokuwa amezifumua, kikaingia nusu kidole na kukwama.

"Huyu amesahau nywele zetu," akasema, na akacheka kidogo, si kwa ubaya.

Hapo ndipo nikamweleza yote: kadi, gauni dogo, kikombe cha pili, yule mama wa kimono. Nilieleza haraka kama mtu anayerudisha kitu kilichovunjika. Nikasema, nipe simu, nimpigie sasa hivi, nimuulize mbele yako.

"Acha simu. Vikombe haviongei, Dodo. Nilikutuma wewe."

"Riziki, mimi..."

"Miye nilisema nangoja neno, na wewe ulikuwa njia ya mwisho. Siwezi kungoja vikombe. Jumamosi watu wa Papa Ilunga wanakuja kwa mjomba." Akasimama, akachukua sahani. "Watakuja na mshenga yao. Na upande wangu nimeshatafuta mwingine. Usikasirike."

Sikukasirika. Kisimba nilimwandikia usiku ule kila kitu. Alijibu baada ya siku mbili, mstari mmoja: "Nilifikiri kama uko na neno utalisema." Sijui kama ni lawama. Nimelisoma kwa sauti zote ninazozijua.

Wiki iliyopita nilipita mbele ya saluni. Riziki alikuwa amesimama mlangoni kwenye mwanga, ameshika kichwa cha plastiki chenye wigi la nywele ndefu zilizonyooka, analichana kwa kile kitana. Kilikuwa kinapita kutoka juu mpaka chini bila kukwama hata mara moja. Aliniona, akaniuliza kama niko muzima.

Nikasema muzima.